Vifungo vya Shaba Vina Umri: Mgongo Ndio Cheti Chake

Mtu akiangusha shilingi hurudi nyuma akaitafuta. Akiangusha pete ya fedha hapati usingizi. Lakini uzi wa kifungo ukikatika, mwenye koti hana habari mpaka afike nyumbani avue. Na hapo hufanya nini? Hutafuta kingine kinachofanana nacho, kikashonwa, na mambo yakaisha. Kile cha kwanza kimebaki njiani, kikakanyagwa na wapitao, vumbi likakifunika, mvua ikakishindilia chini, kikakaa huko miaka mia au mia mbili. Hakuna aliyekililia.

Basi kwa kuwa hakuna aliyekililia, ardhi imevihifadhi vingi kuliko sarafu na vito. Sisi watu wa mwambao tunakijua kitu hiki kwa majina mawili. Wengi wetu husema kifungo, na wazee husema kishikizo, na kile kinachokipokea ni kitanzi. Katika kisibau na koti, kifungo hakikuwa cha kufungia tu, bali pia pambo na alama ya heshima ya mvaaji. Tutakayoyatazama leo ni vifungo vya madini, hasa vya shaba, na swali ambalo kila aliyewahi kukiokota kimoja hujiuliza: Hiki ni cha lini?

Swali hilo si la mchezo. Katika nchi yetu jibu lake laweza kuamua kama kitu kilichoko kiganjani ni taka au ni mali ya kale iliyo chini ya ulinzi wa sheria.

MASHAMBANI MWA UINGEREZA

Elimu ya kuvisoma vifungo hivi imekua zaidi Uingereza. Huko wako maelfu ya watu ambao siku za mapumziko hutoka na mashine ya kutambua madini, ile yenye fimbo ndefu na sahani chini, ambayo hulia inapopita juu ya kitu cha shaba au chuma. Wao hutarajia dhahabu. Wanachokipata kila siku ni misumari, vipande vya risasi na vifungo.

Mtu ataduwaa, kifungo cha koti la bwana wa mjini kilifikaje katikati ya shamba la ngano? Sababu ni samadi. Zamani takataka za miji zilibebwa kwa mikokoteni zikamwagwa mashambani, na matambara ya sufu nayo yalizikwa ili yaoze na kurutubisha ardhi. Sufu ikaoza, kifungo kikabaki. Hivyo kifungo kilichookotwa shambani hakithibitishi kuwa mwenye koti aliwahi kukanyaga hapo. Hili tulishike, maana tutalihitaji mbele.

Vingi vya vifungo hivyo vilitoka mji mmoja, Birmingham. Huko ndiko Matthew Boulton alikokuwa na karakana zake kubwa za Soho katika karne ya 18, akatengeneza vifungo pamoja na bidhaa nyingine ndogo ndogo za madini, na vifungo vya mji huo vikasafirishwa mbali na Uingereza.

TAZAMA MGONGO KWANZA

Aliyeokota kifungo aghalabu huufutafuta uso wake, kwa sababu usoni ndiko kwenye picha. Mjuzi hukigeuza. Umri wa kifungo mara nyingi uko mgongoni, na kuna mambo matatu ya kutazama huko: madini yenyewe, jinsi kitanzi cha nyuma kilivyotiwa, na maandishi.

Ama kuhusu madini, tuchukue mfano wa jeshi la Uingereza, ambalo lilipenda kuandika amri kwa kila jambo. Askari wa kawaida alikuwa akivaa vifungo vya mchanganyiko wa bati na risasi, vyenye rangi ya kijivu. Mwaka 1855 vikaondolewa, wakapewa vya shaba ya manjano. Kwa hiyo kifungo cha kijivu cha askari kimetangulia mwaka huo, na cha shaba kimefuata. Kifungo chepesi cha aluminiamu chenye rangi ya dhahabu ambacho hakihitaji kung'arishwa ni kijana kabisa: majeshi yalianza kukitumia katika miaka ya 1950.

Kuhusu muundo, vifungo vya kale vilimiminwa kipande kimoja, kitanzi na mwili pamoja, kisha kitanzi kikatobolewa. Baadaye kitanzi kikawa ni waya uliokunjwa na kuunganishwa kwa joto. Mnamo mwaka 1813 Benjamin Sanders wa Birmingham alianza kutengeneza vifungo vya vipande viwili, uso na mgongo, vilivyobanwa pamoja ukingoni. Ukikitazama kifungo ubavuni ukaona mshono wa vipande viwili, na ndani kuna uwazi, usikipeleke nyuma ya hapo.

Kuhusu maandishi, hapa pana ladha yake. Mafundi wa Birmingham walikuwa wakivitia vifungo maji ya dhahabu kwa kutumia zebaki. Dhahabu iliyeyushwa katika zebaki, ikapakwa juu ya shaba, kisha moto ukaifukuza zebaki na kuiacha dhahabu. Moshi wake ulikuwa sumu, na mafundi wengi waliharibika afya. Biashara ikaingiwa na udanganyifu, kila mtu akinadi vifungo vyake kuwa ni vya dhahabu, hata Bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka 1796. Sheria hiyo ilisema kifungo kisiandikwe GILT, yaani kimetiwa dhahabu, mpaka kiwe na kiwango kilichowekwa. Kiwango chenyewe kilikuwa kama theluthi moja ya gramu ya dhahabu kwa vifungo 144 vyenye upana wa inchi moja. Msomaji na apige hesabu aone kila kimoja kilipata nini!

Baada ya sheria hiyo watengenezaji wakashindana kujisifu mgongoni mwa vifungo: mmoja akaandika kuwa chake kimetiwa dhahabu mara mbili, mwingine mara tatu, mwingine rangi bora kabisa. Majigambo hayo ni alama ya mwisho wa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwaka 1840 akina Elkington, wa Birmingham hiyo hiyo, walipata hati ya kutia dhahabu na fedha kwa umeme, na njia ya zebaki ikaanza kupungua nguvu.

Tena zitazame herufi LTD baada ya jina la kampuni. Sheria ya Uingereza iliyoruhusu kampuni nyingi kujiita hivyo ni ya mwaka 1855. Kifungo chenye herufi hizo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, hata muuzaji akiapa.

TAJI NA NAMBARI

Sasa tugeukie uso. Mwaka 1767 iliamriwa kuwa vifungo vya kila kikosi cha jeshi la Uingereza viwe na nambari ya kikosi hicho. Mwaka 1871 askari wa kawaida wengi wakaondolewa nambari, wakapewa kifungo cha aina moja chenye nembo ya kifalme, simba na farasi mwenye pembe. Maofisa wakaendelea na nambari mpaka mwaka 1881, vikosi vilipopewa majina ya majimbo. Basi kifungo chenye nambari ya kikosi kwa kawaida hukaa kati ya mwaka 1767 na 1881.

Taji nalo ni saa. Lilipotawala jina la Mfalme, kuanzia mwaka 1901, taji lilichorwa na matao yaliyopanda kwa mviringo kama kuba la msikiti. Malkia Elizabeth aliposhika ufalme, taji likabadilishwa: kuanzia mwaka 1953 matao yake yakaonyesha mabega mawili na kubonyea katikati. Na tangu mwaka 2022, alipofariki Malkia huyo, mwanawe Charles amelirudisha taji la matao ya mviringo. Taji la Victoria, aliyetawala mpaka mwaka 1901, lina umbo lake, bapa zaidi.

Na sisi hapa tunazo saa zetu za aina hiyo hiyo. Mtu wa Mombasa ambaye babu yake alifanya kazi ya reli huenda ana koti kuukuu sandukuni. Herufi za kifungo zitamwambia zama zake. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Katika miaka ya 1920 ikachukua jina la Kenya na Uganda. Mwaka 1948 ikaunganishwa na ya Tanganyika, ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, kila nchi ikashika njia yake. Kila jina lilikuja na herufi zake.

TAREHE INA NG'AMBO MBILI

Yote tuliyoyataja yanatupa ng'ambo moja tu ya mto. Alama za kifungo husema: sikuzaliwa kabla ya mwaka fulani. Hazisemi nilipotea lini. Na anayelifahamu soko la mitumba haihitaji kufundishwa jambo hili. Koti lililoshonwa Ulaya huvaliwa na mwenyewe, likatolewa, likafungwa robota, likavuka bahari, likanunuliwa mnadani, likavaliwa tena na watu wawili watatu. Kifungo chake kikianguka leo Kongowea, kiliumbwa miaka arobaini iliyopita na kimepotea leo.

Ng'ambo ya pili hutoka mahali kilipolala. Mfano wake mkubwa uko mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo, jahazi la vita la Kireno, Santo António de Tanná, lilizama hapo. Wapiga mbizi na wataalamu wakalichunguza kuanzia mwaka 1977 hadi 1980. Kila kilichokuwa ndani ya jahazi lile, kiwe bakuli, kiwe mzinga, hakiwezi kuwa kilitengenezwa baada ya mwaka 1697, kwa sababu siku ile bahari ilikifungia mlango. Lakini hukumu hiyo yasimama kwa sharti moja: kitu kiwe kimeonekana kikiwa mahali pake, na mahali pake pawe pameandikwa. Mtu akikitoa kwa siri akakiweka kabatini, mwaka wa 1697 umekwisha kazi. Kimebaki kuwa bakuli la zamani, basi.

MAKTAU NA SALAITA

Tulete kanuni hii mahali ambapo vifungo vya madini viko kweli. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea huko mwaka 1915, kambi zikasimama Maktau na Mbuyuni, na tarehe 12 Februari 1916 likapiganwa shambulio la kilima cha Salaita, ambalo Waingereza na Makaburu walishindwa. Walikuwako askari wa King's African Rifles, askari wa Kiingereza wa Lancashire, na askari kutoka Bara Hindi, miongoni mwao Waislamu wengi wa kikosi cha Baluchi. Makaburi ya vita yako Voi na Taveta, na Maktau wamelala askari wa jeshi la Uhindi. Karibu nasi zaidi, palipiganwa Gazi mwezi wa Oktoba 1914, na Mwele mwezi wa Januari 1916, alikouawa Meja Wavell aliyekuwa amekusanya Waarabu wa pwani katika kikosi cha Arab Rifles.

Chukua kifungo kimoja katika ardhi hiyo. Ni cha shaba, kina simba na farasi mwenye pembe, taji lake ni la mviringo, mgongoni pana jina la kampuni ya Birmingham na herufi LTD. Shaba yasema: baada ya 1855. Nembo yasema: baada ya 1871. Taji lasema: kati ya 1901 na 1953. Tumefika hapo tumekwama, na miaka 52 ni umri wa mtu mzima.

Lakini tuseme kando yake, katika tabaka lile lile la udongo, yako maganda ya risasi za Kijerumani. Maganda hayo ya zama zile aghalabu yamepigwa muhuri wa mwezi na mwaka. Na tuseme mahali penyewe ni handaki la kambi iliyokaliwa kati ya mwaka 1915 na 1916 tu. Ile miaka 52 imekuwa miezi. Sasa kifungo chaweza kutueleza ni kikosi gani kilichoshika upande ule wa handaki, na labda ni siku gani.

Kichomoe hapo bila kuandika kitu, ukiuze kwa mtalii kwa bei ya chai na mahamri, nacho kitairudia miaka yake 52.

WASIOPEWA VIFUNGO

Kuna hasara kubwa kuliko hiyo. Jeshi lile halikwenda kwa miguu ya askari peke yao. Lilibebwa na wapagazi, wale ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kama Kariakoo. Kwa upande wa Waingereza, hesabu za serikali zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, na wako wanahistoria wanaoikisia idadi hiyo kuwa karibu 100,000. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Sanamu za shaba zilizosimamishwa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam katika miaka ya 1920 ni kumbukumbu yao pamoja na askari, lakini majina yao hayakuandikwa hapo.

Kifungo cha nembo hakiwezi kumtaja mtu ambaye hakupewa koti. Alichokiacha mpagazi ni mafiga matatu yaliyoungua, majivu, kigae cha chungu, kopo lililotobolewa. Mashine hailii juu ya figa wala majivu. Anayechimba kwa pupa kukifuata kifungo cha ofisa huyapindua mafiga hayo kwa jembe lake, naye hajui kuwa amefuta maandishi pekee yaliyosalia ya mtu wa Giriama, wa Digo au wa Taita aliyelala hapo usiku mmoja na asirudi kwao. Ndiyo maana umri wa kifungo si jambo la kifungo peke yake.

SHERIA YASEMAJE

Sheria yetu ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 imeweka mpaka wake kwa mwaka. Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa kitabu au hati, ni mali ya kale. Mwaka huo ndio uliotangazwa utawala wa Kiingereza katika nchi hii. Sheria hiyo yataka mtu aliyegundua kitu chenye maana kwa elimu ya mambo ya kale atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku saba, na aeleze mahali hasa alipokiona. Tena hairuhusu kuchimba kutafuta vitu hivyo bila leseni.

Mtu aweza kuuliza: kifungo cha mwaka 1915 kimeuvuka mpaka, basi si ruhusa? Jibu ni kwamba huwezi kujua kimeuvuka mpaka kabla hakijasomwa na mwenye elimu, na ardhi kilimolala ina mwenyewe, awe mkulima, hifadhi ya wanyama au serikali. Na kwa msomaji anayejali hukumu za fiqhi, anajua kwamba kitu cha kuokota hakiwi mali ya mwokotaji papo hapo, bali kina utaratibu wa kutangazwa. Huko Uingereza, ambako mchezo huu umeruhusiwa kwa masharti, kuna mpango wa serikali tangu mwaka 1997 wa kuandikisha vitu vinavyookotwa, na waokotaji kwa hiari yao wameandikisha zaidi ya vitu milioni moja pamoja na mahali pake. Vifungo vimo.

UKIKIOKOTA UFANYEJE

Jembe la mkulima, mvua kubwa au mchimba msingi wa nyumba laweza kukiibua kifungo bila mtu kukusudia. Likitokea hilo, yako mambo machache ya kushika.

La kwanza, usikisugue. Masinia na mabuli yetu ya shaba tumezoea kuyang'arisha kwa ukwaju, ndimu na majivu, na yanapendeza. Kifungo cha kale si buli. Dhahabu yake ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na asidi ya ndimu huila shaba pamoja na maandishi ya mgongoni. Pangusa udongo kwa brashi laini, kikauke kivulini, kiviringe kwa karatasi kavu.

La pili, andika kabla hujasahau: shamba la nani, umbali gani kutoka mti au jiwe gani, kina cha pima ngapi, na kando yake palikuwa na nini. Hata ganda la risasi, hata kigae. Picha ya simu ikipigwa kabla kitu hakijaondolewa ina thamani kuliko kitu chenyewe.

La tatu, katika nchi ya vita kama Taveta na Maktau, chuma usichokijua usikiguse kabisa. Makombora ya mwaka 1916 hayakuzeeka kwa namna ya kumwonea mtu huruma. Waite polisi.

La nne, peleka habari kwa Makumbusho. Kwa mtu wa Mombasa si mbali, ofisi ziko ndani ya Ngome ya Yesu.

Fundi wa Birmingham alikipiga kifungo muhuri mgongoni ili kumsifia bidhaa mnunuzi, wala hakufikiri kuwa anatuandikia historia. Mpagazi aliyepanga mafiga yake Maktau naye hakufikiri hivyo. Cha fundi twaweza kukisoma popote kitakapopelekwa. Cha mpagazi husomeka pale pale kilipo, mara moja tu, na atakayekikuta kwanza ndiye mwenye amana.